Mbili, Kimya, Mbili

Juzi kompyuta ya mwalimu mmoja ilinifia mikononi bila kusema neno. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za shule hapa Columbus, Marekani, na ninaishi kitongoji cha Whitehall, kwenye magorofa yale ambayo jioni kila mlango unanukia kitunguu chake. Nilibonyeza kitufe, kioo kikabaki cheusi. Taa haikuwaka, mlio haukutoka. Nikainama nikaiwekea sikio, na mwenzangu kazini akacheka, akaniuliza nasikiliza nini, maana mashine za siku hizi hazilii tena. Nilijua hazilii. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kimoyomoyo, na nilipojikuta nahesabu nikamkumbuka bibi yangu, na kazi yote ya siku hiyo ikanishinda.

Kwa hiyo vuta kiti. Habari yenyewe ni ya nyumba yetu ya Buffalo, mtaa wa Riverside, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, nilipokuwa na miaka kumi na moja. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, karibu na mto Niagara, na upepo wa mto ule ulikuwa hauna adabu, unaingia bila hodi kupitia kila upenyo. Baba alifanya kazi kwenye ghala, mama alitunza wazee kwenye nyumba yao ng'ambo ya mji, na mimi nikitoka shule nilibaki na bibi, mama yake baba. Sisi ni Warundi, lakini Burundi yenyewe sijawahi kuiona. Nilizaliwa kambini Kigoma, Tanzania, na baba alikulia humohumo, na Kiswahili ndicho kilichotulea.

Nyumba ilinukia maharage na dagaa, na hita ikiwaka ilitoa harufu ya vumbi lililoungua. Kazi zangu zilikuwa kuchambua maharage kwenye sinia, kuondoa theluji kwenye ngazi, na kumsomea bibi kila barua iliyoingia, hata matangazo ya piza, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kukutumia karatasi nzuri namna ile bila kuwa na neno na wewe.

Halafu kulikuwa na vitambaa. Bibi alikuwa na ugonjwa wa vitambaa, vile vya kufuma kwa uzi mweupe. Kochi lilikuwa nacho, televisheni ilikuwa nacho, friji ilikuwa nacho. Kitu kisicho na kitambaa, kwake kilikuwa uchi. Baba alipoleta kompyuta, ya mezani, lile sanduku jeusi linalosimama kando ya kioo, iliyotoka kwenye ofisi moja iliyokuwa inabadilisha zake, bibi aliipima kwa macho tu. Wiki mbili baadaye ikavaa. Na wakati huo hata hakujua kwamba babu atakuja kukaa humo ndani.

Babu ndiye aliyekuwa mpiga rimu wa kambi. Rimu yenyewe ilikuwa ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mti mbele ya kanisa, na babu aliigonga kwa kipande cha nondo. Kambi nzima iliishi kwa mlio ule. Saba ilikuwa ibada. Tano ilikuwa maji yamefunguliwa bombani, kimbieni na ndoo. Moja, kisha kimya kirefu, kisha moja, ilikuwa msiba. Mbili, kimya, mbili, kimya, ilikuwa moto, na pale kwenye nyumba za nyasi moto ulikuwa neno la kumtoa mgonjwa kitandani akimbie. Mimi nilitoka kule nikiwa mdogo, nakumbuka mlio tu na vumbi. Babu hakutoka. Alifariki miezi michache kabla ya safari yetu, akiwa ameshapigwa hata picha ya makaratasi.

Sauti yake tulikuwa nayo kwa bahati. Jirani mmoja wa kambini alikuwa na simu, na Jumapili moja alimrekodi babu akiita watu ibadani. Jirani huyo alipelekwa Louisville, na miaka kadhaa baadaye akatutumia kadi ya kumbukumbu ya simu yake kwa mkono wa wageni wa kanisa. Baba akaihamishia rekodi kwenye kompyuta. Halafu, kwa kuwa baba ni baba, akaifuta kadi na kuijaza mapambio. Simu ya jirani ilikuwa imeshakufa zamani. Babu akawa amebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile sanduku lenye kitambaa.

Rekodi ilikuwa fupi. Jogoo anawika, mtoto analia, watu wanaongea kwa mbali, kisha rimu inagongwa saba, tena saba, tena saba. Mwishoni babu anakohoa na kusema, "Haya, twendeni." Ni hayo tu. Spika zetu zilikuwa ndogo na moja ilikuwa imepasuka, lakini kila Jumapili bibi alisimama mbele yake amevaa koti na kofia ya sufu, mkoba mkononi, akisikiliza mpaka mwisho. Babu akisema "Haya, twendeni," bibi anajibu, "Twende," ndipo tunashuka ngazi. Kanisa letu liliazima jengo la Wamarekani baada ya wao kumaliza ibada yao, tunaanza saa nane mchana, na sisi tulichelewa kila mara kwa sababu ya kungoja kompyuta iamke. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Ikaja baridi ya mwaka ule. Wewe uliyekaa kaskazini unajua ninachosema, baridi inayokufanya ukasirikie watu wasio na kosa. Jioni moja bibi aliweka kiganja chake juu ya sanduku, akatikisa kichwa. "Mzee huyu hajawahi kuona theluji," aliniambia. Akaleta kitenge akakiweka juu ya kitambaa. Kesho yake akaongeza blanketi la mtoto. Akavuta meza mpaka karibu na hita, kisha akalichomekea blanketi vizuri nyuma, pale penye matundu, ili upepo usiingie. Mimi ndiye niliyemshikia pindo.

Jumapili iliyofuata nilibonyeza kitufe kama kawaida. Kitu ndani kilikoroma kidogo kikakwama. Taa ya mbele, ambayo siku zote ilikuwa nyeupe, ikawaka nyekundu, mara mbili, na sanduku likalia mara mbili. Kimya. Mara mbili tena. Kimya. Sikuwahi kuisikia ikilia hivyo. Bibi alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni, midomo ikicheza.

"Mbili, kimya, mbili, kimya," alisema. "Moto. Hiyo ni moto!"

Kabla hatujasema lolote alikuwa amerudi na beseni la maji. Baba aliruka akasimama katikati, mikono ameinyoosha kama golikipa. "Mama, mama! Hii ni kompyuta, siyo kambi!" Alicheka mpaka akajishika mbavu, na mama akacheka, na mimi nikacheka. Sanduku likaita mara tano hivyo, mbilimbili, kisha sauti ikanyamaza, lakini taa ikaendelea kuwaka mbili, kimya, mbili. Bibi hakucheka. Aliweka beseni chini, akasema, "Imechoka kuita. Sasa inaonyesha kwa mkono." Tulijaribu tena na tena, majibu yakawa yaleyale.

Saa nane ikafika. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi na koti lake. Baba akamwambia, haya Mama, twende, tumechelewa.

"Sijaitwa," bibi alisema.

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Jumapili ya pili alivaa tena koti na kofia, akakaa tena mbele ya sanduku, nikabonyeza, likalia mbilimbili, akabaki. Mwanamke ambaye kambini alikwenda ibadani hata na malaria. Baba alimwambia atatafuta kompyuta nyingine, nzuri zaidi. Bibi akamuuliza, "Hiyo nyingine ina mzee ndani?" Siku ile nilimwona baba akiitazama simu yake yenye mapambio kwa aibu. Katikati ya wiki bibi aliacha kufuma. Chakula alikuwa anakigusa tu. Mimi niliogopa, nakwambia kweli, niliogopa kwamba yule aliyekuwa anatushusha ngazi kila Jumapili ameondoka, na bibi anajiandaa kumfuata.

Ghorofa ya chini alikaa jirani yetu Mkongo, mtu wa Kivu, aliyefanya kazi kwenye ghala moja ambako kompyuta kuukuu za maofisi zilipimwa na kubomolewa. Alifanya kazi mpaka siku za mapumziko, na baba aliona haya kumsumbua. Mimi sikuona haya. Jumamosi ile nilimsikia akikung'uta viatu kwenye ngazi, nikashuka mbio. Alipanda na mfuko wake wa kazini, akanawa mikono kwanza, akamsalimia bibi kwa kuinama. Alimwita Koko, ndivyo watu wa kwao wanavyomwita bibi.

"Bon," alisema akivuta kiti, "mutoto, hii machine iko nalia namna gani?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama sisi watoto tulivyozoea kuwajibu wakubwa, lakini bibi akanikata. "Mbili, kimya, mbili, kimya. Ni moto."

Jirani alimgeukia polepole. "Koko, nani alikuambia ile?"

Hakungoja jibu. Akatoa mfukoni karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, imepauka kwa kushikwashikwa, akanipa. "Somea Koko hapa." Ilikuwa orodha ya milio na taa, kwa Kiingereza. Nikatafuta mstari wa mbili kwa kidole. Nikausoma, nikaurudia moyoni kwa sababu sikuamini, kisha nikautafsiri: taa nyekundu mara mbili, kisha kimya, mashine imepata joto kupita kiasi, angalia feni kama imezibwa.

Baba, aliyecheka mpaka akajishika mbavu, alikaa chini.

"Kila kampuni iko na yake," jirani alisema. "Kwa kampuni ingine, mbili ni kitu ingine kabisa. Donc, Koko, ulijua namna gani?"

"Kambini mbili ni moto," bibi alisema, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Mpaka leo sina maelezo. Watu wa kampuni ile walikaa mahali, kwenye ofisi zao zenye baridi ya kutengenezwa, wakakubaliana kwamba mbili ni joto, na miaka mingi kabla watu wengine walikaa kwenye vumbi la Kigoma wakakubaliana kwamba mbili ni moto. Nywele za mikono zilinisimama. Zinanisimama hata sasa nikikusimulia.

Jirani alifunua blanketi, akafunua kitenge, akafunua kitambaa, na kila alipofunua aliguna. "Ju ya nini mulimufunika hivi? Ile haipendi joto, Koko. Iko napenda baridi, kama ya huko inje." Akafungua ubavu wa sanduku. Kwenye feni ulikuwa umejisokota uzi mweupe, mwingi, pamoja na manyoya ya blanketi, na kuizunguka limekaa bonge la vumbi. Bibi aliusogelea, akautambua uzi wake mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemchoma." Akakaa, akajifunika uso kwa kanga. Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyeshika pindo. Sikusema. Nakwambia wewe leo.

Jirani alifanya kazi yake bila haraka, na kibano na brashi ya rangi, huku akinieleza. Aliniambia kwamba ukibonyeza kitufe, kabla mashine haijaweza kuonyesha chochote kwenye kioo, kwanza inajikagua. Inauliza kila kiungo chake kama kipo: wewe upo, wewe upo, wewe upo? Kiungo kimoja kisipojibu, haina uso wa kuonyesha, haina maneno, imebaki na mlio mmoja na taa moja tu. Kwa hiyo inahesabu, na inatumaini kuna mtu chumbani anayejua kusikiliza. Nilisikiliza mdomo wazi. Nilikuwa nimeigusa mashine ile kila siku na sikujua kwamba kila ikiamka inaviita viungo vyake kwa majina.

Alirudisha ubavu, akaniambia nibonyeze. Feni ikazunguka vizuri. Taa ikawaka nyekundu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kimya.

"Tano ni maji," bibi alisema haraka kutoka chini ya kanga. "Wamefungua bomba." Jirani alicheka kwa sauti, na bibi mwenyewe akatabasamu kidogo, lakini mimi nilikuwa nimeshafika kwenye mstari wa tano. Iliandikwa kwamba kumbukumbu ya mashine haipatikani. Nikaona babu amekwenda. Nikaanza kulia.

"Hapana, mutoto, hapana. Hii kumbukumbu ni kama meza ya jikoni, kwenye unakatia mboga. Chakula iko kwa stoo, kwa kile kisanduku kingine kule. Muzee iko kwa stoo, hakuna mutu alimugusa." Akanionyesha kipande chembamba cha kijani kilicholegea wakati akisafisha, akaniachia mimi nikibonyeze. Nilisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka kikasema ka! pande zote mbili. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikabonyeza kitufe. Kukatoka mlio mmoja mfupi, mwepesi, taa ikawa nyeupe, na kioo kikaamka.

Nikaifungua rekodi, jogoo akawika. Mtoto akalia, watu wakaongea kwa mbali, rimu ikagongwa saba, tena saba, tena saba. Babu akakohoa. "Haya, twendeni."

"Twende," bibi alisema, akaenda kuchukua koti lake.

Baba alimwambia kwa upole kwamba leo ni Jumamosi. Bibi alikuwa ameshafika kwenye kofia. "Ameita," alisema. Basi baba akachukua ufunguo wa gari, na tukaenda wote, jirani Mkongo naye na viatu vyake vya nyumbani. Kanisa lilikuwa limefungwa, theluji imefika magotini. Bibi alisimama mbele ya mlango ule kwa muda, mkono umeugusa, akisema na Mungu wake mambo ambayo sikuyasikia, kisha akageuka, akasema ana njaa. Sijawahi kufurahi kusikia mtu ana njaa kama siku ile.

Jioni hiyo jirani alinakili rekodi kwenye flashi tatu. Kitambaa kikahamia chini ya sanduku, maana uchi mtupu bibi hakuuweza. Na karatasi ile jirani alituachia. Bibi hakujua kusoma, lakini aliniambia nimsomee yote, na kwa jioni mbili tu alikuwa ameishika: nne ni umeme, tano ni ile meza ya jikoni, sita ni picha, saba ni ubao mkubwa unaobeba vyote na hapo omba Mungu. Tukichambua maharage alinigongea kwenye sinia kwa kijiko, nami nikataja ugonjwa. Nikikosea, aligonga tena, polepole, bila kunitazama. Nilipoomba kazi yangu ya kwanza waliniuliza nilisomea wapi mambo haya. Nikataja chuo, ila haikuwa kweli yote.

Sasa vyote vimekwenda. Kambi ilifungwa, na rimu nadhani imeyeyushwa zamani ikawa sufuria. Jirani Mkongo alihamia Louisville, anafanya kazi kwenye viwanda vya Jeffersontown, na akipiga simu bado ananiuliza iko nalia namna gani. Ghorofa yetu ya Riverside ina watu wengine. Bibi tulimzika Buffalo miaka mitatu iliyopita, na Jumapili hizi kila mtu wa familia ana babu kwenye simu yake, na hakuna anayemngoja ndipo atoke. Mashine nazo zimejifunza kufa kimya. Hilo linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kumweleza mwenzangu wa kazini.

Jioni ile ya juzi nilirudi nyumbani, nikavaa masikioni vile visikilizio vizuri vya kazini, nikaifungua rekodi. Nilikuwa sijawahi kuisikiliza kwa kitu chochote zaidi ya zile spika zetu mbovu na simu. Jogoo akawika, mtoto akalia. Rimu ikaanza. Na chini ya mlio wa rimu, karibu kabisa na simu, nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Basi."

Na nondo ikasimama. Akaanza tena moja, na nondo ikaanza naye. Miaka yote ile tulisema babu ndiye mpiga rimu wa kambi, na bibi hakutusahihisha hata siku moja. Mkono ulikuwa wa babu. Hesabu ilikuwa ya bibi.

Babu akakohoa, akasema, "Haya, twendeni." Nikajibu, "Twende," peke yangu jikoni Whitehall, kisha nikairudisha mwanzo.